Tripel moja, saa nzima

Shemeji yangu alipokuja Gent, huku Ubelgiji, kunitembelea, nilimkalisha kaunta, nikamwekea chupa moja ya Westmalle Tripel na glasi yake, kisha nikageuka kumhudumia mzee wa meza ya dirishani. Niliporudi, glasi ilikuwa kavu kama nilivyoiacha na chupa imeshafika nusu. Kaipiga tarumbeta.

"Shem, tamu hii," akasema, "ila kachupa kenyewe kadogo. Niongeze nyingine, tena iwe ya baridi kabisa."

Nikamwambia asubiri kidogo. Baada ya robo saa hakuikumbuka tena hiyo nyingine. Alikuwa ameushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, ananiuliza kwa adabu sana kama jikoni kuna chipsi.

Hesabu yake ni rahisi. Kachupa kale ni sentilita 33, na bia ni ya asilimia 9.5. Ukizidisha unapata mililita 31 na ushei za kilevi kitupu. Bia yetu ya nyumbani ya nusu lita, yenye asilimia 5, ina mililita 25. Kwa hiyo alichokunywa kwa dakika nne kilizidi chupa kubwa nzima ya Arusha, na tumbo lilikuwa halijapata kitu tangu ndege ilipotua.

Maelekezo haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake. Nami nilikuwa mmoja wao. Nimezaliwa Kilema, Moshi, kwa bibi aliyepika mbege ya kuuza siku za soko, na nilipofika Ubelgiji nilidhani pombe naijua. Sasa ni mwaka wa kumi na moja nauza bia katika baa moja karibu na uwanja wa Vrijdagmarkt, na ninachoweza kusema ni kwamba bia ya hapa haina siri yoyote ila inataka muda. Tenga saa nzima kwa chupa moja. Ukiona saa ni ndefu mno kwa sentilita 33, agiza bia nyepesi ya bomba ufurahi, hakuna atakayekucheka.

Kwa nini Westmalle

Ziko aina nyingi, na mgeni hupewa orodha nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Mimi mwanafunzi humwanzisha na tripel, yaani bia kali ya rangi ya dhahabu, na kati ya tripel humwanzisha na hii. Westmalle ni abasia ya watawa Watrapisti katika mkoa wa Antwerpen. Wanapika bia tangu 1836, na hii ya rangi ya dhahabu waliitoa mwaka 1934. Mapishi yake yalirekebishwa 1956 na hayajabadilishwa sana tangu hapo. Viwanda vingine vikaiga, mpaka jina tripel likawa la kila mtu. Ila kuandika neno Trapisti kwenye chupa si ruhusa ya kila mtu. Sharti bia ipikwe ndani ya eneo la monasteri, watawa waisimamie, na faida iende kwenye matunzo ya monasteri na kusaidia wenye shida.

Sababu yangu kubwa lakini si utawa. Humo ndani mna maji, kimea cha shayiri, maua machungu ya hopsi, sukari na chachu, basi. Hamna kiungo hata kimoja. Likariri hilo, maana baadaye pua yako itakubishia.

Baridi au ya moto?

Nyumbani mhudumu hukuuliza hivyo, na jibu huwa moja kati ya mawili. Hapa jibu ni la tatu: ya ubaridi wa asubuhi ya Kilema. Kwa tarakimu ni kama nyuzi 8 hadi 12. Bia iliyotoka tu kwenye friji ya nyuzi 4 imekufa ganzi na inakutia ganzi ulimi, utaona gesi na uchungu tu. Ya joto la chumba nayo inakuchoma pua kwa kilevi kabla ya harufu nyingine yoyote. Itoe kwenye friji, iweke mezani robo saa, isimame wima. Usiilaze wakati wowote, hata ndani ya friji. Chachu hai imebaki chini ya chupa ikiendelea na kazi, ukiilaza inatapakaa ubavuni na ukimimina inatoka yote. Kama umeibeba kwenye kikapu cha baiskeli, ipe siku nzima itulie. Mimi niliwahi kuifungua moja dakika mbili baada ya kushuka kwenye baiskeli. Nilipiga deki mpaka dari.

Glasi

Ya Westmalle ni pana, ina mguu, inafanana na kalisi ya padri. Watu hudhani ni mbwembwe za Wabelgiji kuwa na glasi tofauti kwa kila bia. Kuna mbwembwe, sikatai. Jirani yetu pale uwanjani, baa ya Dulle Griet, ina bia yake ya glasi ndefu yenye kishikio cha mbao, na ukiitaka hiyo unaacha kiatu kimoja rehani. Kinapandishwa darini kwenye kikapu mpaka uirudishe glasi. Watalii wanafurahi kukaa na soksi. Lakini umbo la glasi lina kazi. Mdomo mpana unaipa pua nafasi ya kuingia, na mguu unakuzuia usiishike tumboni ukaipasha joto kabla ya wakati.

Kama huna kalisi, chukua glasi ya mvinyo mwekundu. Kikombe cha chai hapana. Chupa yenyewe ndiyo hapana kabisa, maana kile kitundu kinakunyima nusu ya ulicholipia.

Usafi wake ndio muhimu kuliko umbo. Mafuta kidogo tu yanaua povu, hata ya mdomo uliopakwa rangi, hata ya sponji lililoosha sufuria ya chipsi. Kipimo ni hiki: ichovye kwenye maji, igeuze. Maji yakishuka kwa pamoja kama pazia, ni safi. Yakijikusanya matone matone, irudishe ukaioshe upya kwa sponji lisilogusa vyombo vya mafuta, uisuuze mpaka sabuni iishe, usiikaushe kwa kitambaa. Kabla ya kumimina, isuuze tena kwa maji ya baridi. Glasi yenye unyevu haileti povu la fujo.

Kumimina

Hapa ndipo nilipofedheheka wiki yangu ya kwanza kazini. Mzee mmoja aliagiza dubbel, ile nyeusinyeusi, nikamfungulia na kuimimina yote mpaka tone la mwisho, tena nikaitikisa chupa kidogo nisimdhulumu. Kwetu kubakiza pombe ya mteja ni wizi. Hakusema neno. Aliinua glasi kwenye taa, akaangalia vipande vikielea kama kwenye supu ya utumbo, akaishusha taratibu, akaisogeza upande wangu kwa kidole kimoja.

Fanya hivi. Inamishe glasi, mdomo wa chupa uwe karibu na ukuta wa glasi bila kuugusa, mimina pole pole na kwa mkono usiokata. Ukifika nusu, anza kuinyanyua glasi, na robo ya mwisho mimina ikiwa wima, povu lijijenge. Usisimamishe na kuanza tena, kila ukikatiza chupa inapumua na kuvuruga machicha. Macho yawe kwenye shingo ya chupa. Ukiona bia inayokuja imeanza kuwa na ukungu, acha. Inabaki kama sentimita moja. Iweke pembeni, tutairudia.

Povu la vidole viwili ndilo heshima. Wageni hulalamika wamepunjwa, kumbe povu ni kifuniko kinachozuia harufu isitoroke, na kwa bia hii limejaa uchungu mzuri wa hopsi. Lionje peke yake kwa mdomo wa juu. Utashangaa.

Sasa iangalie. Isiwe kazi ya dakika tano, rangi ni rangi tu: dhahabu inayoelekea machungwa, ina ukungu mwepesi, vipovu vidogo vinapanda bila kukoma. Vipovu vikiwa vimeganda kwenye ukuta wa glasi badala ya kupanda, glasi ni chafu na mimi ningeomba radhi.

Pua kwanza

Kwa miaka miwili nilisoma maelezo yaliyoandikwa kwenye orodha yetu. Tunda la pichi, maua ya sijui nini, biskuti ya kijiji fulani. Niliwakaririsha wateja kama kasuku, nami mwenyewe sikuwa nanusa chochote zaidi ya bia. Nikaamini pua yangu mbovu.

Jikoni kulikuwa na mama wa Kipemba, mtu mzima, tuliyekuwa tukimwita Bi Mkubwa. Alikuwa anaosha vyombo. Pombe hajawahi kuigusa kwa ulimi na hakutaka hata glasi zimdondokee nguoni. Usiku mmoja nilimpelekea trei ya glasi za tripel zilizobaki vitone chini. Akakaza uso.

"Mwanangu, hawa watu wanatia karafuu humu?"

Nikamwambia hapana, ni shayiri na sukari.

"Usinidanganye. Hii ni karafuu iliyoanikwa jamvini jana, bado mbichi. Na mtu kaacha ndizi mbivu pembeni yake."

Nilirudi kaunta, nikajifungulia moja kwa pesa yangu. Karafuu ilikuwepo. Ndizi ilikuwepo, tena si ndizi tu, ni kisukari iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi. Nilinusa mpaka povu likaisha. Miaka miwili nilikuwa natafuta pichi, tunda nililolionja mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na saba, wakati ndizi nimebebea kichwani.

Baadaye nilielewa kinachotokea. Chachu ya tripel inapokula sukari kwenye joto la juu kuliko ya bia za kawaida, haitoi kilevi na gesi pekee. Inatoa pia vitu vidogo vidogo vya harufu. Kimojawapo ndicho kile kile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake, hakuna tofauti hata chembe. Kingine ni ndugu wa karibu wa kile kilichomo kwenye karafuu. Bi Mkubwa alikuwa sahihi kwa pua na mimi sahihi kwa viungo. Hakuna aliyetia karafuu, chachu ndiyo iliyozitengeneza.

Kwa hiyo ukinusa, usitafute maneno ya watu. Izungushe glasi mara moja tu, kwa upole, si kama unasuuza mtungi. Nusa kwa pumzi fupi fupi mbili tatu kama mbwa anayekaribia mgeni, kisha itoe glasi puani. Pumzi ndefu inaichosha pua mara moja. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe, ikishakumbuka harufu ya nyumbani inarudi kazini. Nusa mara ya pili na ujiulize maswali ya jikoni. Hii ni tunda au kiungo? Kama ni tunda, limeiva au bichi, ni ganda au nyama yake? Kama ni kiungo, ni kile cha pilau au cha chai? Kwenye tripel hii mimi napata ndizi, karafuu, ganda la chungwa lililokwanguliwa kwa kucha, pilipili manga kidogo, na nyuma yake mkate ambao haujapoa. Wewe ukipata embe dodo, ni embe dodo. Ukikosa karafuu usijilazimishe. Mume wangu hajawahi kuipata hata siku moja, na bado tunaishi naye.

Nilishamwona mteja akiandika kwenye simu dakika ishirini bila kuonja. Bia ikapoa kinyume chake, ikawa ya moto.

Mdomoni

Waonja mvinyo hutema. Bia usiteme, kwa sababu uchungu wake unamalizikia nyuma ya ulimi na kooni, ukitema umeondoka kabla ya hadithi kuisha. Ndiyo maana kwa jioni moja bia tatu za namna hii ni nyingi, na tatu zenyewe ziwe za kugawana.

Funda la kwanza liwe dogo, la kusafisha mdomo, usilihukumu. La pili lijaze ulimi, likae sekunde tatu nne, likigusa fizi na kaakaa. Meza. Sasa funga mdomo na utoe pumzi kwa puani, taratibu. Hapo ndipo bia yenyewe inapojitokeza, maana sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu inayopitia mlango wa nyuma.

Huamini? Ziba pua kwa vidole viwili, piga funda, umeze pua ikiwa bado imezibwa. Utapata utamu, uchungu, gesi na vuguvugu. Hiyo ingeweza kuwa bia yoyote duniani. Achia pua. Ndizi inaingia kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nimewafanyia mchezo huu wateja wengi, na kila mmoja hufungua macho kwa wakati ule ule.

Angalia mambo matatu yakifuatana, maana tripel ina mwanzo na mwisho. Inaanza na utamu kama wa asali. Katikati gesi inapanda na kuupangusa utamu huo, na kooni inamaliza kavu, ina uchungu wa hopsi unaokaa kitambo. Ukavu huo ndio mtego uliomnasa shemeji. Watawa wanatia sukari, na mtu husikia sukari akadhani bia itakuwa nzito. Ni kinyume chake. Chachu inaila sukari yote na kuigeuza kilevi bila kuacha uzito, wakati kilevi hicho hicho kikitoka kwenye kimea kitupu kinaacha bia nzito kama uji. Unapata bia kali inayoteleza kama nyepesi.

Bibi yangu angeuelewa uchungu ule haraka kuliko mimi. Kwenye mbege utamu wa ndizi unakatwa kwa gome la msesewa, na mpishi anayekosea gome, ama anauza uji au anauza dawa. Hopsi ni msesewa wa huku. Ni maua ya mmea unaotambaa kwenye nguzo, yanatia uchungu, yanaleta harufu na kusaidia bia isiharibike upesi. Bibi alionja mbege yake mara tatu kwa siku kwa kata ile ile, na bei ya asubuhi haikuwa ya jioni kwa sababu pombe ilikuwa imeshageuka.

Na tripel hugeuka pia, ila ndani ya glasi. Hiyo ndiyo sababu ya saa nzima. Kunywa theluthi, kisha ongea na mtu. Ukirudi, imepanda nyuzi mbili tatu, karafuu imepungua na ndizi imezidi. Theluthi ya mwisho, ikikaribia joto la chumba, kilevi kinajitokeza kifuani kama tangawizi, na utamu uliokuwa umejificha unatoka nje. Mimi napenda ya katikati. Mzee wa dirishani hunywa ya mwisho tu, anaagiza na kusoma gazeti zima kwanza.

Machicha

Kile ulichobakiza kwenye chupa kitikise sasa, kimimine kwenye kiglasi kidogo. Ni chachu tupu na bia kidogo: ladha ya unga wa mkate uliokandwa usiku, chumvi kwa mbali, na uchungu wa aina nyingine. Kuna wanaokipenda hivyo hivyo na kuna wanaokirudisha kwenye glasi kubwa kwa funda la mwisho. Mimi hukionja kila nifunguapo chupa mpya na sikimalizi, kwa kuwa tumbo langu nalijua na zamu yangu ni ya masaa manane. Bia nyeupe ya ngano, kama Hoegaarden, ni habari nyingine. Ile unaitikisa makusudi, ukungu ni sehemu yake, na humo kweli wametia giligilani na ganda la chungwa.

Ikiwa mbovu

Mgeni akionja kitu kibaya hudhani ndivyo Wabelgiji wanavyopenda. Mara nyingine ni kweli, lakini si kila mara. Ikinuka boksi lililonyeshewa mvua, imezeeka au imehifadhiwa penye joto. Ikinuka kicheche, imepigwa na mwanga: jua likigusa hopsi, harufu hiyo inakuja haraka, hasa kwenye chupa ya kijani au nyeupe. Chupa ya kahawia inakinga zaidi lakini haikingi yote. Nilishanunua dukani, sitasema wapi, chupa sita zilizokaa dirishani majira yote ya joto. Nilizimwaga zote, na sinki likanuka mpaka jioni. Ikinuka siagi, ama haikupewa muda kiwandani au bomba la baa halijasafishwa.

Ila uchachu usiuhukumu upesi. Kuna bia ziitwazo lambiki za bonde la mto Zenne, kama zile za Cantillon pale Brussels, ambazo hazitiwi chachu na mtu. Uji wa bia unaachwa upoe usiku kwenye sinia kubwa la shaba, vimelea vya hewani vinaingia vyenyewe, kisha unakaa kwenye mapipa mwaka hadi mitatu. Mchaga akionja anacheka, maana hiyo siyo ngeni kwake. Na kuna Orval, ya asilimia 6.2, yenye chachu ya mwituni inayotiwa wakati wa kujaza chupa. Changa inanuka hopsi na machungwa. Baada ya mwaka inanuka zizi kavu, nyasi na ngozi. Chupa yake imeandikwa tarehe ya kujazwa, kwa hiyo nunua mbili, moja ya mwezi uliopita na moja ya mwaka jana, uzionje pamoja. Ni somo zuri kuliko safari ya kiwandani.

Ukitaka kuilinganisha tripel na kitu, weka pembeni Duvel, ya asilimia 8.5. Jina lake maana yake ni shetani kwa lahaja ya hapa. Linasimuliwa kuwa lilitokana na mtu aliyeionja enzi za mwanzo akaapa kwamba ni shetani kweli, na tangu 1923 ikaitwa hivyo. Gesi yake ni kali zaidi, inamaliza kavu zaidi, na ndizi ni ndogo. Ukitazama ndani ya glasi yake chini kabisa utaona herufi D iliyochorwa, hapo ndipo vipovu vinapozaliwa. Anza na Duvel kisha tripel, uende kutoka nyepesi kwenda nzito. Ukianza na nzito, ya pili itakuwa maji ya kunawia.

Cha kutafuna

Wenyeji huleta vipande vya jibini na haradali. Inafaa, mafuta ya jibini yanakatwa na gesi. Kwangu mimi mwenza wa tripel ni pilau ya nyama isiyo na pilipili kali, kwa sababu karafuu ya sufuria na ya glasi zinajuana. Kuku wa kukaanga na chumvi nao ni wazuri. Pilipili kichaa usijaribu: kilevi kinaiwasha zaidi na utamlaumu mpishi. Maji yawepo mezani tangu mwanzo, ya bomba, si ya gesi. Na kama umekuja na gari, sheria ya hapa ni nusu gramu ya kilevi kwa lita ya damu. Kwa mwembamba, chupa hii moja inatosha kumfikisha hapo. Panda tramu.

Ukigonganisha glasi, sema "gezondheid" na umwangalie mwenzako machoni. Hilo wanalichukulia kwa uzito kuliko unavyodhani.

Shemeji alikaa wiki mbili. Jioni ya mwisho nilimpa glasi iliyosuuzwa na chupa iliyosimama robo saa, nikamwacha amimine mwenyewe. Akabakiza sentimita moja na ushei, akanusa, akaiweka chini, akanusa mkono wa shati lake, akanusa tena.

"Shem," akasema, "hii ni ile ndizi ya mama yangu, anayoiweka juu ya kabati la vyombo iive."

Saa ya ukutani ilisoma saa mbili na dakika kumi. Alipomaliza ilikuwa saa tatu na robo, na safari hii alipoulizia chipsi alikuwa na njaa tu.